Mkoba wa Tanga: Vitu vya Safari Vilivyoingia Chumbani kwa Bi Harusi



Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, alinijia dukani bi harusi mtarajiwa akiwa na mama yake. Duka langu liko Kirumba, hapa Mwanza, nashona magauni, mashuka, mapazia na siku hizi zaidi mifuko ya kupangia nguo. Walitaka mifuko sita. Mmoja wa mabuibui, mmoja wa mitandio, mmoja wa doti za khanga, miwili ya mashuka na mmoja mdogo wa udi na manukato. Yote iwe rangi ya maziwa, na utepe wa dhahabu pembeni, kama walivyoiona kwenye simu. Tukapatana bei, nikachukua advansi.

Walipokuwa wanainuka, yule mama akatoa kwenye rambo kitu kilichokunjwa kikafungwa kwa kamba. "Na huu, fundi, uufue tu na kuutia viraka. Bibi yake kautoa Nansio, anataka mjukuu aende nao." Binti akaona haya. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, siwezi kwenda kwa wakwe na gunia."

Nikaufungua juu ya meza ya kukatia. Gunia halikuwa. Kilikuwa kitambaa cha pamba kizito, kimeshakuwa rangi ya chai ya maziwa kwa ukubwa wa umri, kimeshonwa kuwa mkoba mkubwa wenye mfuniko. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne na kozi ya ushonaji, sijui mengi, lakini mshono naujua. Mshono wa mkoba ule ulikuwa umekunjwa mara mbili, kitambaa kimelala juu ya kitambaa, mistari miwili ya uzi mnene. Hushoni hivyo mkoba wa kutundika ndani. Halafu upande mmoja kulikuwa na vitundu, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, vimepangana sawasawa kama vifungo vya kanzu. Mkoba wa nguo wa nini kuwa na vitundu vya kamba ubavuni?

Lilikuwa tanga. Babu ya binti alikuwa na mtumbwi wa tanga, na tanga lilipochoka, mkewe alikata sehemu iliyobaki nzima akajishonea mkoba. Ndani yake alihifadhi khanga zake na, mama akaniambia baadaye, sanda yake pia, kama walivyo wazee wetu wengi.

Niliwaomba waniachie mkoba ule kidogo. Nilitaka kujua vitu kama huu viliingiaje majumbani kwetu. Nimeuliza wazee, nimesoma nilichoweza kusoma, na leo nataka tuzungumze, hasa nyinyi mnaoandaa vyumba vyenu. Maana ukitazama vizuri, chumba cha bi harusi wa pwani na cha bi harusi wa ziwani vyote vimejaa vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya chumba.

Tuanze na nyumba bora kuliko zote. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alipomtayarishia binti yake Fatima (r.a.) vitu vya ndoa yake na Ali (r.a.), vilikuwa kitambaa kizito cha kujifunika, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa nyasi za idhkhir. Kiriba, dada yangu. Ngozi ya kubebea maji, kitu cha msafiri na cha ngamia, ndicho kilichohesabiwa miongoni mwa vitu vya nyumba mpya. Hakuna aliyesema kimeletwa kutoka nje.

Nyinyi wa visiwani mna kasha. Kasha la mti mgumu lililopigwa misumari ya shaba, lenye vidroo vya siri ndani, leo likiwekwa chumbani kila mgeni huligusa. Lakini kasha lilikuwa kitu cha chombo kabla ya kuwa kitu cha nyumba. Makasha mengi yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay, yakiwa yamebeba mali ya baharia na mfanyabiashara. Shaba ile ilikaza mbao zisiachane kwa misukosuko ya bahari, na urembo ulikuwa nyongeza. Yakishushwa bandarini yakapata kazi ya pili, kuhifadhi nguo na dhahabu za mwanamke, na kazi hiyo ya pili ndiyo tunayoijua sisi.

Sisi wa bara hatukuwa na makasha kwa wingi. Kilichotufikia kwa mgongo wa mpagazi kilikuwa mtumba.

Hapa ngoja nisimame kidogo, kwa sababu neno hili nimelitumia maisha yangu yote bila kulifikiria. Ukisema mitumba leo kila mtu anajua, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, tunazinunua kwa belo pale sokoni. Zamani mtumba ulikuwa mzigo wa vitambaa vipya, vilivyokunjwa, vikabanwa na kufungwa imara, ukatwikwa begani kwa mpagazi kutoka pwani hadi huku. Mzigo mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, kama kilo 30 za leo. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu. Walibeba kitambaa kwenda, wakabeba pembe kurudi.

Na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli za wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja pamba iliyofumwa viwandani kwao, nzito, haijapaushwa, na bei yake nzuri. Merikani ilivaliwa, ililipia mahari, ililipia ushuru wa kupita kwenye nchi za watemi, ilishonwa mahema na ilishonwa matanga. Marekani walipoingia vitani wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 pamba yao ikawa adimu, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Bibi yangu mpaka anafariki aliita kitambaa chochote cheupe kizito "merikani", hata kama kimefumwa hapahapa Mwanza na Mwatex.

Fikiri basi safari ya jora moja. Limetoka Salem melini, likalala ghalani Unguja, likavuka hadi Bagamoyo, likatembea miezi mitatu begani kwa mtu, likafika ziwani. Nani angekitupa kitambaa cha namna hiyo kwa sababu kimechanika upande mmoja?

Wazungu waliofika ziwani wamewekwa kwenye vitabu vyetu vya shule, mnawakumbuka. Speke alilitazama ziwa hili kutoka kilimani karibu na hapa tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wao, kana kwamba Wasukuma waliolioga na kulivua kila siku hawakuwa na jina lao. Stanley alitoka Bagamoyo Novemba 1874 akafika Kageye, ufukweni mwa Ghuba ya Speke, si mbali na Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Msafara wake ulibeba mashua nzima iliyokatwa vipandevipande, watu wakaitwika njia yote, halafu ikaunganishwa Kageye na tarehe 8 Machi ikaingia majini kuzunguka ziwa. Mashua iliitwa Lady Alice kwa jina la mchumba wake, Alice Pike. Huyo Alice, kabla Stanley hajatoka huku Afrika, aliolewa na mwingine. Nawaambieni nyinyi wachumba wenye mabwana walioko safarini, mjue tu kwamba hata mashua kupewa jina lako si mahari.

Lakini aliyenivutia mimi si Stanley. Pale Kageye alikuwapo tayari mfanyabiashara wa kutoka pwani, Songoro, aliyekuwa na biashara hadi Ukerewe na akijenga jahazi huko. Aliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877, katika ugomvi uliowaua pia wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, wakati wa mtemi Lukonge. Ni habari ndefu na ya huzuni, siielezi hapa. Ninachotaka mwone ni kwamba watu wa pwani walikuja ziwani na ujuzi wa chombo cha tanga.

Kabla ya hapo mitumbwi mikubwa ya ziwa hili ilikwenda kwa kafi. Na ilikuwa imeshonwa! Mbao zilitobolewa pembeni zikaunganishwa kwa nyuzi za mimea, zikapita ndani nje, ndani nje, kama mimi ninavyoshona upindo wa pazia. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu dukani. Kumbe fundi cherehani na fundi mtumbwi ni ndugu.

Tanga likiingia, likaingia na kitambaa chake. Ukienda leo Ukerewe, Ukara au Kome bado utayaona matanga, na ukikaribia utaona yameungwaungwa kwa chochote kilichopatikana, mifuko ya unga, sandarusi ya mbolea, kipande cha turubai. Zamani yalikuwa pamba nzito. Pamba hulowana, hukauka, huliwa na jua, na baada ya misimu kadhaa katikati huwa kama chachi ilhali pembeni, ambako kumekunjwa mara mbili, bado ni imara. Pembeni hapo ndipo bibi wa Nansio alipokata. Ndiyo maana mkoba wake una vitundu, ni ukingo wa tanga uliofungwa kwenye mlingoti. Hakuukata ukingo ule kwa uzembe. Alichagua sehemu iliyobaki na nguvu, na nina hakika vitundu vilimfaa kupitisha kamba ya kutundikia kwenye boriti, mbali na panya na mchwa.

Maana adui wa nguo kwenye nyumba za ziwani ni watatu, panya, mchwa na unyevu. Sanduku la mbao chini ya kitanda mchwa analifikia usiku mmoja. Kitu kinachoning'inia hakifikii.

Mwingine aliyetoka safarini akaingia nyumbani ni debe. Mafuta ya taa yalikuja Afrika Mashariki ndani ya mabati ya pembe nne yenye ujazo wa galoni nne za Kiingereza, kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, bati likabaki. Likatekewa maji, likapikiwa pombe kwa wanaokunywa na wali wa shughuli kwa wasiokunywa, likafunguliwa likanyooshwa likaezekea paa, likakatwa likawa koroboi. Na zaidi ya yote, likahifadhi nafaka, kwa sababu panya hatoboi bati. Kila nyumba ikawa na debe, na kwa kuwa kila debe lilikuwa sawa na jingine, likageuka kipimo. Leo mtoto wa Mwanza anakwambia debe la mahindi, debe la mpunga, debe la dagaa, na hajawahi kuona mafuta ya taa yaliyouzwa kwa debe. Hata lile sanduku la mbao halikutupwa. Ukiyasimamisha mawili, ukatia pazia mbele, una kabati. Wamama wengi walianza ndoa zao na kabati hilo.

Kwa bati vilevile mafundi wetu wakatengeneza tranka. Kila aliyesoma bweni analo, limeandikwa jina kwa rangi. Langu bado lipo, ndimo ninamohifadhi lesi.

Mwaka 1994 wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa wadogo kama mimi. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, ndani ya saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, mkoa wa Kagera, wakikimbia. Kambi ya Benaco ikawa mji. Misaada mingi ilipita uwanja wa ndege wa Mwanza, nakumbuka milio ya ndege kubwa usiku. Wakimbizi walipewa turubai za plastiki zenye herufi za UNHCR za kujengea vibanda. Mwishoni mwa 1996 wakarudishwa kwao, na turubai zikasambaa kanda nzima. Zilianikiwa mpunga, zilifunika maharusi mvua ikinyesha, zilitandikwa chini ya magodoro kuzuia unyevu. Mama yangu alikuwa nayo moja, alifungia ndani yake blanketi na mashuka ya wageni.

Niliikata mwenyewe turubai ile nilipoanza kushona. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mifuko ya kuhifadhia. Nilipofika kwenye zile herufi nikasita, nikaziacha upande wa ndani. Sikutaka nguo za watu zikae chini ya jina la msiba wa watu, lakini pia sikutaka kulikata jina lile likaanguka sakafuni na vipande vingine. Kitu hakisahau kilikotoka kwa sababu wewe umekitia utepe.

Nyavu nazo. Nyavu za kuzuia, zile za kutega na kuacha usiku, zilianza kutumika ziwani mwaka 1905 upande wa Ghuba ya Kavirondo, zikiwa za uzi wa kitani. Uzi wa kitani huoza, kwa hiyo wavu wa zamani ulikuwa na mwisho wake. Miaka ya 1950 ikaingia nailoni, na nailoni haiozi. Wavu wa nailoni ukipotea majini huendelea kuvua bila mvuvi, samaki wanaingia, wanakufa, hakuna wa kuwatoa. Kwa hiyo ukiona mvuvi analeta wavu wake uliochoka nyumbani badala ya kuuacha ziwani, mshukuru. Huku kwetu wavu wa zamani unazungushiwa bustani ya mchicha, unafunika dagaa waliotandazwa wasiliwe na kunguru, unashonwa mfuko wa vitunguu na viazi unaopitisha hewa. Mimi hushona mifuko ya wavu ya kufulia sidiria na mitandio ya hariri, bi harusi wanaipenda sana. Loweka wavu siku mbili kwenye maji ya sabuni, ubadilishe maji kila asubuhi, kisha uanike jua kali hadi harufu iishe. Isipoisha, rudia. Limau na udi havitasaidia kama hujafua.

Ila chunguza wavu wenyewe. Kokoro na nyavu za timba zimepigwa marufuku, na mwaka 2018 kwenye Operesheni Sangara zilirundikwa mafungu makubwa zikachomwa moto. Hata kukutwa nazo ndani ni tatizo, na maelezo kwamba ulitaka kushona mfuko wa vitunguu hayatakusaidia.

Kuna na kinyume chake kinachoniudhi. Chandarua cha mbu, kitu cha ndani hasa, kilichotolewa bure mama mjamzito alale salama, unakikuta ufukweni kinavua dagaa wachanga. Hapo mtoto anaumwa malaria na samaki wanaisha, hasara mbili kwa kitambaa kimoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka tangu mwanzo.

Nilipofungua duka nilikuwa nikitafuta kila njia ya kupunguza gharama. Sponji ilikuwa ghali. Mwanzoni mwa 2018 alikuja mtu na maboya ya kuvaa, jaketi okozi, kama kumi na mawili hivi, rangi ya chungwa iliyofifia. Akasema ni chakavu, hayatumiki tena. Nikayanunua kwa bei ya kutupa. Nilichana maganda, nikatoa sponji nzito ya ndani, nikaifunika velveti ya kijani nikashona matakia ya kukalia chini ya bi harusi mmoja aliyetaka chumba cha kukaa cha Kiarabu. Yalipendeza. Niliyapiga picha. Mikanda na vifungo vyake nilivitumia kwenye mifuko.

Moja nililibakiza. Sijui kwa nini nililibakiza, labda kwa kuwa filimbi yake bado ililia.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa, nilikuwa darasa la kwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Mwalimu wetu mmoja hakurudi kazini. Makaburi yako Igoma, ukipita barabarani unayaona. Kwa mtu aliyekulia hapa boya si kitu cha kuchezea, na mimi nililijua hilo, na bado nilichukua mkasi.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilitoka Bugolora, Ukerewe, ikielekea Bwisya kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, kivuko kimejaa kupita kiasi. Kilipinduka kikiwa karibu na gati, watu wa nchi kavu wanakiona kwa macho. Walikufa watu 228. Mjomba wa mteja wangu alikuwemo.

Maboya niliyoyachana hayakuwa ya kivuko kile, sisemi hivyo. Lakini usiku ule nilikaa dukani nikayahesabu. Kumi na moja. Nilikumbuka kwamba sikuyajaribu hata moja. Sponji ya boya ikizeeka hubonyea, na mikanda huoza, na hapo kweli kazi yake imekwisha. Ila unalijua hilo kwa kulitia majini na kulivuta mikanda, na mimi nililijua kwa kuangalia rangi tu. Pengine matano yalikuwa mazima. Matano ni mama na watoto wanne.

Nilimpigia yule bi harusi wa matakia nikamweleza. Alinisikiliza, akasema, "Dada, mimi nimeyakalia tu, mwenye kujua ulikuwa wewe." Alisema kweli. Nilichoweza kufanya ni kununua mapya matano kwa fedha yangu na kumpelekea binamu yangu mwenye mtumbwi wa kupeleka watu magulioni. Na tangu siku hiyo, kitu chochote cha ziwani au cha safari kikiletwa dukani kwangu nauliza kwanza maswali kama mpelelezi. Kimetoka wapi? Nani alikitumia? Kimeacha lini kazi yake, na nani aliyesema imekwisha? Tanga la bibi wa Nansio lilijibu yote. Lilichoka mbele ya macho ya mwenyewe, akalikata mkewe.

Kwa wanaotaka kushona nyumbani: turubai nzito na kitambaa cha hema vishonwe kwa sindano namba 18 na uzi wa nailoni, cherehani ya kukanyaga inaweza kama hukimbizi. Usipige pasi turubai ya plastiki. Kata pembezoni mwa hema, ndiko kwenye nguvu, katikati kuna jua lote. Kitambaa kilichokaa na mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mashambani usiweke nguo wala chakula, hata ukikifua mara kumi.

Yule binti alirudi kuchukua mifuko yake sita siku tatu kabla ya nikahi. Mkoba wa bibi nilikuwa nimeufua mara mbili, nikautia bitana ya pamba nyeupe kwa ndani ili uzi mkavu usishike mitandio. Nje sikugusa. Nilimwonyesha vitundu na kumweleza vilikuwa vya nini. Akapitisha kidole kwenye kimoja, kisha kingine, hadi mwisho wa mstari.

Akaniuliza kama naweza kumtafutia kamba nzuri ya katani, kwa sababu chumba alichopangiwa na mume wake kina boriti.